Mwanamke wa Upande wa Kushoto

Nyokabi,

Umetoka sasa hivi. Umeniambia unaenda kusukwa, nami nikakujibu nenda, usichelewe, barabara ya Namanga jioni hujaa malori. Lakini ulisukwa Jumamosi, na kichwa bado kinakuuma. Unaenda kwa Jerusha. Najua kwa sababu amenipigia simu yeye mwenyewe, baada ya miaka yote hii, sauti ileile ya kwaya.

"Nimeona jina la msichana wako kwa wateja wa leo," alisema. "Nimeona nikujulishe."

"Mshughulikie vizuri," nikamwambia. "Kesho anaenda kazi."

Sikukasirika. Nimejiwekea chai nyingine, nimeketi kwa meza ya jikoni, na nimeamua kukuandikia kabla hujarudi. Ukirudi utaanza kufunga mabegi, nami nitaanza kukufokea, na asubuhi baba yako atakuwa anapiga honi nje na ile pikapu yake ya nyanya. Hatutapata nafasi nyingine.

Mambo ya gesi, ya mwenye nyumba wa Kisumu, ya kula mboga, sitayataja. Umesoma sheria mpaka ukaapishwa wakili, basi unaweza kusoma mita ya stima.

Nataka kukuambia habari ya ile picha. Umeicheka tangu ukiwa darasa la saba, na najua iko kwa simu yako, kwa sababu siku ya sherehe yako ya kuapishwa uliwaonyesha marafiki zako pale kwenye hema, nikiwa nimesimama nyuma yenu na sahani ya pilau. "Huyu ni Mum kabla ya kuokoka," ulisema, na wote wakacheka. Picha mbili zimewekwa bega kwa bega. Upande wa kulia kuna mwanamke wa suti ya buluu, nywele fupi, kidevu juu. Upande wa kushoto kuna mwanamke wa gauni la kahawia lenye kola pana, wigi limemwendea upande, miguu imepauka kwa vumbi la chokaa. Wa kulia unamjua, ndiye aliyekulea. Nataka kukuambia habari za wa kushoto.

Wakati huo nilikuwa karani wa mauzo kule kiwandani Kajiado, kiwanda cha chokaa na marumaru. Wewe ulikijua kwa vumbi nililoleta nyumbani. Kule kila kitu ni cheupe. Migunga ya kando ya lango ni myeupe, mbuzi wanaopita ni weupe, na askari wa langoni alikuwa akinisalimu kwa Kimaasai, "Sopa", akiwa na nyusi nyeupe kama za babu, ilhali alikuwa kijana aliyetahiriwa juzi. Ukivaa nguo nzuri, saa sita mchana imeshaharibika. Kwa hivyo nilivaa kahawia na kijivu, na nilivaa kubwa.

Shosho yako, mamangu, ndiye aliyenishonea. Alikuwa na cherehani yake sokoni Kiserian, karibu na wauza mbuzi, na kila Krismasi alinikatia gauni moja bila kunipima. Alisema mwili wangu anaujua tangu akiubeba. Alinishonea mapana ili hewa ipite, na ili wanaume wa kiwandani wasipate cha kutazama. Lile la kahawia ndilo alilolipenda kuliko yote. Kola yake aliitarizi kwa mkono, jioni baada ya jioni, akisikiliza redio.

Meneja wa mauzo alipoondoka, kazi yake nilikuwa naifanya tayari, na kila mtu pale alijua. Nikaiomba. Mkubwa wetu, Bwana Githaiga, akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Ningetamani nikuambie alikuwa mbaya, ingenirahisishia. Alinipa kiti, akaniuliza habari za shule yako, kisha akasema bila kuinua sauti:

"Mama Nyokabi, kazi unaijua. Lakini nikikutuma kwa wale wachora ramani za majengo wa Nairobi, ukiingia wataona ni chai imeletwa."

Nikamwambia nitajirekebisha.

"Hii ni kazi ya kuonekana," akasema. "Na wewe watu hawakuoni. Mimi mwenyewe wakati mwingine nakutafuta na uko mbele yangu."

Aliniambia nijaribu, ataona mwisho wa mwezi. Sikulia. Nilirudi mezani nikajumlisha ankara mpaka jioni, na zote nilizikosea.

Hapo ndipo nilipoenda kwa Jerusha. Tulikuwa naye kwaya moja, mimi sauti ya pili na yeye ya kwanza. Alikuwa ameacha kazi ya benki akafungua chumba hapa Kitengela, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, na mlangoni ameandika kwamba anavalisha wanawake wa kazi. Watu kanisani walimcheka. Nani anaenda kwa mtu kuambiwa avae nini? Hata mimi nilicheka nao, na bado nikapanda zile ngazi.

Alinisimamisha mbele ya kioo kirefu, akazima redio, akanitazama kwa muda mpaka nikaanza kuona haya.

"Nani alikushonea hii?"

"Mamangu."

"Anakupenda?"

"Ni mamangu, Jerusha."

"Amekuficha," akasema. "Hii nguo imeshonewa mtu ambaye hatakiwi kuonekana."

Alisema kweli, Nyokabi. Nakuandikia hivi ili usidhani nitakuambia alikuwa mwongo. Alishika mshono wa bega akanionyesha ulikoangukia, nusu ya njia kuelekea kiwiko. Akanionyesha jinsi kola ilivyoinyima shingo yangu nafasi. Kisha akavuta wigi, likatoka mkononi mwake, na nikashika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Unaficha nini?"

"Zimepungua kwa mbele."

"Basi tuzikate zote. Kichwa chako ni kizuri."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kichwa changu ni kizuri. Baba yako ni mtu mwema, lakini anazungumza na nyanya za shambani kuliko na watu.

Akaleta vipande vya vitambaa, akawa ananiwekea kidevuni kimoja kimoja. Kijivu, uso wangu ukazimika. Kahawia, ukazimika. Akaweka buluu ya wino, nikamwona mtu kwenye kioo. "Wewe ni mweusi," akasema, "na umekuwa ukivaa rangi ya vumbi. Mtu mweusi hivi ana rangi zake, ambazo wale weupe wakizivaa zinawameza." Nyumbani kwetu neno mweusi lilikuwa la kunigombeza. Nilipokuwa mdogo ndugu zangu waliniita Makara, makaa, na shosho yako hakuwakataza, alinipaka tu mafuta zaidi. Jerusha alilitamka bila huruma na bila dharau, kama anayesoma kipimo cha kiuno.

Na kabla hajaanza kazi yenyewe, alirudisha lile wigi kichwani mwangu, vivi hivi, akachukua simu yake.

"Simama tu hivyo. Usitabasamu. Ni ya kazi yangu, nijue nilikoanzia."

Nikasimama. Unaweza kusema hapo ndipo nilipokosea, na nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini alikuwa ametoka tu kuniambia kichwa changu ni kizuri. Angeniambia nipige magoti ningepiga.

Hayo mengine unayaona kwenye picha ya kulia. Nywele zikakatwa. Suti akaitafuta kwa mitumba, akaipeleka kwa fundi ikabanwa mabega na kiuno. Viatu vilikuwa vya kisigino kifupi, na akanifundisha kutembea navyo pale kwenye ujia wa ghorofa, vijana wa duka la mabati wakitutazama kutoka chini.

"Usikimbie," alisema. "Unatembea kama mtu aliyeitwa. Tembea kama mtu anayengojewa."

Nilirudia ule ujia mpaka kisigino kikachubuka. Alinifundisha pia kunyamaza baada ya kusema jambo, kutoongeza "ama namna gani?" mwishoni, kutoweka mkoba mapajani na kuushika kama kifaranga.

Bwana Githaiga akanipeleka kwa wachora ramani waliokuwa wakijenga hoteli. Tulipoingia, msichana wa mapokezi aliinuka. Nataka uelewe hilo vizuri. Nilikuwa nimeingia ofisi nyingi maishani mwangu na hakuna mtu aliyewahi kuinuka. Tukaketi, nikawaambia jiwe walilolitaka litapoteza rangi pale mbele kwenye jua, wachukue lile jingine, na wakaandika. Maneno hayo ningeweza kuyasema nikiwa na gauni la kahawia. Ningeyasema nikitazama meza, na hakuna ambaye angechukua kalamu.

Tukirudi nilijiona kwenye kioo cha dirisha la gari, nikajipenda. Nilikuwa mtu mzima, mke wa mtu, mama wa mtoto wa darasa la saba, na ilikuwa mara yangu ya kwanza. Hakuna atakayenishawishi kwamba kile kilikuwa kitu kidogo. Watu wanaosema nguo si kitu, wachunguze, utakuta hawajawahi kukosa kitu kwa sababu ya nguo.

Nikapewa kazi. Wiki hiyohiyo Jerusha akaweka zile picha mbili mtandaoni, na chini yake akaandika: Kutoka kufulia watu hadi meneja.

Sikuwahi kufulia watu. Na wanaofua hawana aibu yoyote, shangazi yangu alisomesha watoto kwa kufua. Lakini ilisomeka vizuri. Kufikia jioni ilikuwa imeingia kundi la kanisa, kundi la kiwanda, na kundi la wazazi wa darasa lako. Wewe ulirudi kutoka shuleni ukaniuliza, mdomo umejaa mkate, "Mum, ulikuwa unafulia kina nani?"

Nikapanda tena zile ngazi. Nilikuta wanawake wameketi kwenye ngazi zenyewe kwa sababu chumbani hakukuwa na nafasi. Jerusha alinikumbatia.

"Itoe," nikamwambia.

"Siwezi."

"Ni uso wangu."

"Ni kazi yangu." Akanishika mkono, akanivuta mpaka mlangoni. "Angalia hawa. Yule wa sweta ya kijani ni daktari wa mifugo, ametoka Loitokitok alfajiri. Wafugaji wakimwona wanamuuliza daktari atakuja saa ngapi. Amekuja kwa sababu alijiona kwako. Nikiitoa, nimwambie nini?"

"Mwambie sikukubali."

"Wewe umeshavuka," Jerusha akasema. "Sasa unataka kuvunja daraja."

Yule daktari alikuwa ametusikia. Akanitambua, akainuka, akanishika mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Ni wewe," akasema. "Mungu akubariki kwa kukubali kuonekana vile."

Nilitoa mikono yangu kwenye mikono yake. Nilishuka ngazi kwa ule mwendo niliofundishwa, mtu anayengojewa, na hapakuwa na aliyeningoja popote. Leo bado ninakutana na wanawake hao, kwenye kituo cha mafuta, kwenye mazishi, mmoja alinisimamisha Kimana nikinunua vitunguu na baba yako. Wananishukuru. Wengine wamepanda vyeo. Siwezi kusema picha ile haikuwasaidia, na siwezi kuwapenda.

Halafu ikaja karamu ya mwisho wa mwaka. Unaikumbuka kwa sababu ya keki. Kampuni ilituambia tulete familia, baba yako alikuwa mashambani Kimana, kwa hivyo nikakuchukua wewe na shosho. Alitoka Kiserian na kitambaa chake cheupe cha kanisani. Tuliketi meza ya mbele kwa sababu sasa nilikuwa meneja. Shosho aliniambia kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kuketi mbele isipokuwa kwenye mazishi.

Bwana Githaiga akatoa hotuba. Kulikuwa na skrini kubwa nyuma yake, wanaonyesha mitambo mipya, wanaonyesha malori. Kisha ikaja picha yangu. Ile ya bega kwa bega.

"Kampuni hii inabadilisha mawe," akasema, "na inabadilisha watu pia."

Wapakiaji walikuwa wa kwanza kucheka, kisha madereva, kisha meza za wake zao. Kwenye skrini lile gauni lilikuwa limejaa ukuta mzima. Tarizi ya kola ilionekana uzi kwa uzi. Wewe ulikuwa unacheka mpaka umeinamia meza. Ulikuwa mtoto, sikulaumu, na ilichekesha.

"Mama Nyokabi, simama tukuone," akasema. Nikasimama. Wakapiga makofi. Akanyoosha kidole upande wa kushoto wa skrini. "Sasa tuambie, huyu tulimwajiri kweli? Huyu ni nani?"

Akanipa maikrofoni. Watu wote wamenigeukia, wana nyuso nzuri, wananipenda. Sikuwa nimewahi kupendwa na watu wengi vile kwa wakati mmoja. Nikacheka pamoja nao, na nikasema:

"Hata mimi huyo simjui."

Meza zikapigwa mpaka chupa zikaanguka. Nisikudanganye, ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote pale kiwandani. Tangu hapo hakuna dereva aliyenibishia.

Shosho hakucheka, wala hakununa. Alikuwa ameinamisha kichwa upande kidogo, akiangalia kola.

Tulirudishwa na gari la kampuni. Wewe ulilala begani mwake. Tulipokaribia Isinya akaniuliza kwa Kikuyu, ili dereva asisikie, ingawa dereva mwenyewe alikuwa Mkikuyu wa Kiambu.

"Lile gauni ni baya?"

"Ni la zamani, Maitu," nikamwambia. Mama.

"Sijauliza kama ni la zamani."

Nikatazama nje. Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia ni watu wa mjini tu, ni mambo ya kazi, asijali. Lakini nilikuwa nimevaa suti ya buluu, nilikuwa nimefundishwa kusema jambo na kunyamaza, na kichwa changu kilikuwa bado kimejaa makofi. Nikamwambia kweli.

"Ni baya, Maitu. Ulinifanya mzee. Nilikaribia kukosa kazi kwa sababu yake."

"Haya," akasema.

Akavuta blanketi akakufunika miguu.

Krismasi iliyofuata alileta kuku na viazi. Hakuleta gauni. Nilipomtembelea Kiserian nikakuta cherehani amepewa msichana wa jirani. Alisema macho yamemshinda. Wewe ulimwonea huruma ukamsomea Biblia kwa sauti, na sote tukasema ni macho. Nyokabi, siku hiyohiyo nilimwona akipitisha uzi kwenye sindano kushona kifungo cha sare yako, mara moja, bila miwani. Nilimwona, na nikaendelea kusema ni macho.

Baada ya hapo alivaa nilichomnunulia. Nilikuwa nimeshajifunza kwa Jerusha, nikamchagulia rangi zake, urefu wake, nikampelekea fundi apunguze mabega. Alizivaa zote. Hakuuliza tena ni nzuri au ni mbaya. Na alipofariki, mimi ndiye niliyechagua nguo aliyozikwa nayo, ile ya zambarau. Ilimkaa vizuri. Kila aliyepita kumuaga aliniambia ilimkaa vizuri.

Utaniuliza kama najuta. Suti siijutii. Nimefikiria jambo hili miaka mingi nikiendesha gari kwenda Kajiado na kurudi, na sijapata jibu lililonyooka. Jerusha alisema kweli juu ya lile gauni. Mamangu alinishonea lile gauni kwa upendo wote aliokuwa nao. Yote mawili yalikuwa kweli, na mimi niliulizwa mbele ya watu nichague, nikachagua upesi, nikitabasamu.

Sasa wewe. Haya Jerusha atakuambia leo, lakini ni heri uyasome pia kwa mkono wa mtu aliyekuzaa.

Wewe si mrembo. Umechukua taya ya babangu na mabega ya watu wa baba yako. Ukichoka, uso wako unaonekana una hasira, na kwa kazi yako utachoka kila siku. Ukiogopa, unaficha viganja ndani ya mikono ya sweta. Nilikuona ukifanyiwa mahojiano kwa kompyuta hapo sebuleni, mimi nimejibana korido, na ulikuwa umejikunja hivi kwamba walikuwa wanaona paji la uso tu. Kazi ulipewa kwa maksi zako. Maksi hazitembei nawe mahakamani. Pale mlangoni karani ataona mwanamke, kijana, mweusi kama mimi, mgeni, na atakuuliza wakili wako yuko wapi. Atakuuliza na joho liko mkononi mwako. Ukienda nyumbani ukilia, kesho yake atakuuliza tena.

Kwa hivyo umefanya vizuri kwenda kwa Jerusha, na ungeweza kuniambia bila kunidanganya habari za kusukwa. Sijui mtu mwingine anayejua kama yeye. Mabega hayo atayapatia koti litakalosema yamewekwa hapo kwa makusudi. Mfuate kwa rangi, mfuate kwa viatu, mfuate kwa namna ya kuketi. Na akiinua simu akuambie simama tu hivyo, usitabasamu, mkatalie, hata kama ametoka kukusifu. Najua unasoma haya ukiwa umeshatoka kwake. Basi jua tu kwamba hiyo picha iko mahali, na itatoka.

Na kuna siku mtu aliyekupa kazi atakuuliza mbele ya wenzako yule wa zamani alikuwa nani. Atakuwa anatabasamu. Sikuambii umjibu nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoulizwa nilijibu unavyojua. Nakuambia tu kwamba kicheko hutoka kabla mtu hajafikiri, na huwezi kukirudisha, na anayekisikia vizuri kuliko wote huwa ameketi karibu nawe.

Nimesikia lango.

Nimerudi mezani. Sasa uko bafuni, maji yanamwagika na unaimba.

Uliingia na koti la rangi ya damu ya mzee na suruali nyeusi, ukasimama mlangoni ukinisubiri niseme. Jerusha hajapoteza mkono wake. Ile taya, sijui alifanya nini na kola, ile taya imekuwa ya mtu anayesikilizwa. Nilitaka kulia, nikakuuliza kama umekula.

"Nimekula kwake," ukasema. "Alitengeneza chai." Kisha ukavua koti, ukalitundika kwenye kiti kwa uangalifu. "Mum, kesho unakuja mpaka uwanja wa ndege?"

"Nakuja, si nitapanda na baba yako."

Ukanitazama. Nilikuwa na leso hii kiunoni, sweta ya baba yako, na malapa.

"Sasa, mwenye kampuni yetu ya mawakili anasafiri na ndege hiyohiyo," ukasema. "Tutakutana naye pale mlangoni. Utavaa ile suti ya buluu, si ndio? Ama ile ya kijivu. Yaani, Mum, usikuje tu hivi."

Ulisema kwa upole, mkono wako uko begani mwangu. Kwa hilo umenishinda, kwa sababu mimi kwa mamangu sikuwa mpole.

Nilikuambia sawa. Suti iko hapa kwenye meza, nimeitandikia shuka, na pasi imepata moto. Acha niinyooshe kabla stima hazijapotea.

Mamako